Chupa ya dawa imejaa mpaka shingoni. Nimchukue mwanangu kwa bibi yake?

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu ulifiche, maana mawifi zangu wanaisoma safu hii.

Nina miaka 28, nimeolewa, na mtoto wetu ni mmoja tu, wa kiume, ana miezi 22. Nauza nguo kwenye duka la mtu Kariakoo. Mume wangu ni dereva wa lori. Leo yuko Tunduma, wiki ijayo yuko Rusumo. Tumepanga chumba na sebule Mbagala. Saa kumi na moja alfajiri niko kituoni nagombania daladala, na kurudi ni saa mbili usiku.

Mtoto alipotimiza miezi tisa, dada wa kazi aliondoka bila kuaga. Wa pili alikaa wiki tatu. Mume wangu akasema mtoto aende kwa mama yake, kijijini huko Muheza, ambako wapo wajukuu wengine watatu. Nikamwachisha ziwa, nikampeleka. Nililia kutoka Muheza mpaka Chalinze. Tangu hapo natuma shilingi 60,000 kila mwezi, na nikipata nafasi naenda kumwona.

Sikukuu ya Idd nilikwenda, nikashtuka. Mtoto aliyekuwa akinikimbilia, safari hii alikaa tu mkekani ananitazama. Viganja vyeupe kama vya mtu aliyeshinda akifua. Nikimbeba nasikia moyo wake unapiga mbio kama wa kifaranga. Jioni nikamkuta nyuma ya nyumba, ulimi ukutani, analamba udongo. Pale alipozoea palikuwa pameshaingia kishimo, usawa wa kidevu chake. Bibi yake akacheka, akasema watoto wote wa nyumba hii wameula ukuta huo, hata baba yake.

Kesho yake tukaenda hospitali. HB, yaani kipimo cha wingi wa damu, 6.8. Malaria alikuwa nayo, akapewa dawa mseto, kisha dawa ya maji ya kuongeza damu, ile ya madini ya chuma, atumie miezi mitatu. Daktari alisema hajafikia kuongezewa damu lakini hayuko mbali. Aliandika pia karatasi ya kipimo cha selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mume wangu, ambaye alikuja kwa sikukuu, akaiweka mfukoni, akasema kwao ugonjwa huo haupo.

Ilinibidi nirudi kazini. Baada ya wiki tano nikapata ruhusa ya siku mbili, nikaenda tena. Chupa iko juu ya kabati, imejaa mpaka shingoni, sisimizi wamezunguka kifuniko. Mama mkwe akasema alimpa siku nne, mtoto akaanza kutoa choo cheusi kama lami, akajua dawa inamchoma utumbo, akaiacha. Badala yake anampa juisi ya rozela na majani anayoyajua yeye. Asubuhi ni chai ya rangi na muhogo. Mchana wanakula wote wanne sinia moja, na wangu ndiye mdogo.

Shangazi, nilipandisha sauti. Nilimwambia, "Mama, unataka kuniulia mtoto?" Hakujibu. Aliingia chumbani, hakutoka mpaka naondoka. Usiku mume akanipigia: mama amelea saba na wote wazima, wewe wa mmoja unamfundisha nini? Anasema nikimchukua mtoto nitakuwa nimemwaibisha mama yake kijiji kizima. Halafu shemeji yangu mdogo, yuko chuo, amenitumia habari kwamba huko Pemba watoto walipewa madini ya chuma wakafa. Sasa hata ile chupa naiogopa.

Nikimchukua, nitamwacha na nani? Nikimwacha, si nitakuja kumkuta ameshaisha?

Mama Z., Dar es Salaam

*

Marahaba, mwanangu.

Kabla hatujafika kwa mkwe wala kwa mume: leo hii mtoto anapumuaje? Piga simu sasa, mwombe aliye karibu naye amvue shati amtazame kifua. Ikiwa anapumua kwa kasi au mbavu zinaingia ndani, ikiwa amelegea na kusinzia kuliko kawaida, hawezi kunywa, au viganja na midomo kwa ndani vimekuwa vyeupe kabisa, hilo halisubiri ushauri wangu. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kwa bodaboda. Mtoto mwenye 6.8 hana akiba. Malaria moja ikimrudia, damu inaweza kushuka vibaya ndani ya siku chache. Nilikuwa muuguzi wodi ya watoto miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na walionitisha zaidi hawakuwa wale wanaolia. Ni wale wanaokaa mkekani wakikutazama.

Kama hayo hayapo, vuta kiti tuzungumze.

Umeniuliza mtoto akae wapi. Nimesoma barua yako nikaona humo mna maswali mengine mawili yamejificha nyuma ya hilo. La kwanza, damu yake imekwenda wapi? La pili, nani atampa dawa kila siku, kwa siku tisini, awe Mbagala au awe Muheza? Na lipo jambo la tatu ambalo hukuliuliza, nalo ni yale machozi ya Muheza mpaka Chalinze. Nitayarudia baadaye kidogo.

Wewe umeshaamua kwamba damu imekwisha mikononi mwa bibi yake. Inawezekana, kwa sehemu. Lakini hebu tuhesabu tangu mwanzo. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma aliyoichota kwa mama yake, na akiba hiyo humtosha kama miezi sita hivi. Sasa wewe, ulipokuwa mjamzito, HB yako kliniki ilikuwa ngapi? Vile vidonge vyekundu vya damu ulivimaliza, au vilibaki chini ya godoro kwa sababu ya kichefuchefu? Sikulaumu, wanawake waliokuwa wakivificha niliwajua wengi, na mmoja wao alikuwa mimi. Kama akiba ilianza ndogo, ilishakwisha mtoto angali Mbagala kwako, kabla hajaiona Muheza. Baada ya hapo huja uji mweupe wa mahindi, ambao unashibisha lakini chuma chake ni kidogo sana. Kisha malaria, ambayo hupasua chembe nyekundu za damu zenyewe. Kisha minyoo. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 58 ya watoto wa Tanzania wa miezi sita hadi miaka mitano wana upungufu wa damu. Hao wote hawakulelewa na mama mkwe wako. Wengi walikuwa wamelala ubavuni mwa mama zao, na wa mjini wakiwemo.

Sasa choo cheusi. Dawa ya madini ya chuma hugeuza choo kuwa cheusi. Ndivyo ilivyo, na haina madhara. Lakini nani alimwambia mama yule? Mliokuwa mbele ya daktari ni wewe na mumeo. Yeye alikabidhiwa chupa na kijiko. Akaona choo kama lami, na mtu mzima yeyote anajua choo cha namna hiyo kinaweza kuwa damu ya tumboni, akasimamisha dawa. Mlezi mzembe hata asingetazama choo. Hapa nalaumu zaidi sisi watu wa hospitali, tunaotoa chupa dirishani bila neno. Sentensi moja tu ingeiokoa dozi ile.

Kuhusu chai, hapo nipo upande wako. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hukifunga chuma kilichomo, mwili ukakikosa. Chai ya asubuhi na muhogo ni sawa na kumnyima mara mbili. Lakini Muheza, mwanangu! Mko kwenye machungwa. Kipande cha chungwa baada ya mlo hufanya kinyume cha chai: huusaidia mwili kuchukua chuma cha maharage na cha mchicha. Rozela nayo ina vitamini C, kwa hiyo mkwe wako hajakosea kabisa. Kosa ni kudhani wekundu wake ndio damu. Dhana hiyo ipo hata mjini, watu wananunua bitiruti kwa bei ya nyama. Maini kidogo, nyama iliyosagwa, dagaa waliotwangwa wakawa unga na kunyunyizwa kwenye ugali wake, hivyo ndivyo vyenye chuma ambacho mwili wa mtoto hukipokea kirahisi. Na ule unga wa lishe wa nafaka nane unaosifiwa siku hizi, mimi huwa sina imani nao sana. Nafaka nane bado ni nafaka.

Sinia ndilo limenikaa kichwani kuliko chai. Watoto wanne, mkubwa pengine wa miaka minane, na wako wa miezi 22 anayetafuna polepole na kuishiwa pumzi. Mpaka ameviringisha tonge la pili, dagaa wamekwisha. Hapo hakuna aliyemnyima. Bakuli lake mwenyewe, na mtu mmoja wa kukaa naye anapokula, vitafanya kazi ambayo nyongeza ya 20,000 kwenye simu haitaifanya.

Na ule ukuta. Hapa nina ombi. Utakapozungumza na mkwe wako, muulize kuhusu safura. Usimfundishe, muulize tu. Wazee wa pwani wanalijua neno hilo kabla ya HB kufika: mtu aliyepauka, amevimba uso, anahema, anakula udongo. Walijua kwamba safura inakwenda na minyoo. Hospitali nasi tunasema hayo hayo: minyoo aina ya safura hunyonya damu utumboni, na anayepungukiwa chuma hupata hamu ya udongo, kama wajawazito wanavyotafuna udongo wa pemba. Kumbe yeye na daktari wanaongelea ugonjwa mmoja. Akilisikia neno hilo kutoka kinywani mwako, huenda akakuona kama mtu anayemfuata kutaka ujuzi wake, baada ya kukuona kama hakimu. Hapo hapo mtazame kadi ya kliniki kama mtoto alipata dawa ya minyoo na vitamini A, zile za Juni na Desemba. Na uulize, kwa sauti ya chini kabisa, kama aliwahi kukatwa kimeo. Watoto humwaga damu nyingi kwa jambo hilo na nyumba nzima ikanyamaza.

Habari ya Pemba aliyokutumia shemeji yako ni ya kweli, ila imekatwa kichwa na miguu. Ulikuwa utafiti mkubwa, matokeo yake yalichapishwa mwaka 2006. Watoto wadogo walipewa chuma na foliki (vitamini ya kusaidia kutengeneza damu) kila siku bila kupimwa kwanza kama wana upungufu, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi wakati huo. Waliopewa chuma walilazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu, wale waliokuwa na upungufu wa chuma na wa damu kweli, dawa iliwafaa. Fundisho walilolichukua wataalamu ni kwamba chuma kiende pamoja na kinga na tiba ya malaria. Wako amepimwa, upungufu wa damu anao, na malaria ilitibiwa kwanza. Hata hivyo zimepita zaidi ya wiki tano. Nisingependa mtu aipanguse sisimizi chupa ile na kuanza kumnywesha kesho. Arudi kituoni na chupa mkononi, apimwe malaria upya na HB upya, aangaliwe dozi kwa uzito wake wa leo. Na je, analala ndani ya chandarua chenye dawa, au chandarua kimefunika vifaranga? Nacheka, lakini nimeviona vifaranga hivyo.

Kuna mstari mmoja umeupita mbio kwenye barua yako: karatasi ya selimundu mfukoni mwa mumeo. Rudi hapo tafadhali. Mtoto hupata ugonjwa wa selimundu akirithi chembe ya urithi ya ugonjwa huo kwa baba na kwa mama, wote wawili. Mwenye chembe moja huishi mzima maisha yake yote, anaendesha lori, anauza nguo, hajui. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kwa hiyo "kwetu haupo" ni neno ambalo hata ukoo uliobeba chembe hiyo vizazi vitano unaweza kulisema kwa moyo safi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Je, vidole vya mikono au miguu yake viliwahi kuvimba na kuuma? Macho yake huwa ya manjano? Sisemi anao. Nasema kama anao, kumpa chuma tu na kumsubiri hakutatosha. Atahitaji kliniki yake, foliki yake, kinga yake ya malaria, na siku hizi kuna dawa ya kupunguza makali. Na kama hana, utalala.

Nadhani mumeo anaogopa kitu kingine, kwamba kipimo kitageuka kesi ya ukoo wa nani una ubovu. Jambo hilo usilizungumze kwa simu akiwa kwenye mizani na foleni ya malori. Msubiri akiwa nyumbani, ameshaoga, ameshakula. Unaweza kumwambia kwamba wewe mwenyewe utapima naye. Mtu akiona hapimwi peke yake, mfuko hufunguka.

Turudi kwenye swali lako. Ukimleta Dar, utamwona kila usiku, hospitali ziko jirani, na malaria huku ni pungufu kuliko Muheza ingawa ipo. Lakini kuanzia alfajiri hadi saa mbili usiku atakuwa na binti uliyemjua wiki jana, na chupa ya dawa tamu. Dawa hiyo ikinywewa nyingi kwa mkupuo huua mtoto, kwa hiyo lazima ifungiwe, huku au kule. Pia atakuwa amemkosa mtu anayemjua kuliko wote sasa, na mtu huyo, utanisamehe, ni bibi yake. Ukimwacha, una mlezi asiyeondoka bila kuaga, ila uko mbali, na usipoponya lile neno ulilomwambia, hutaambiwa ukweli wa choo wala wa dawa. Kila ukipiga utajibiwa "hajambo".

Kuna njia za katikati ambazo hukuzitaja. Mkwe anaweza kuja Mbagala na mtoto kwa miezi hiyo mitatu, kama wale watatu wengine wana mtu wa kuwashika. Chumba kitabana, na mama wa shamba hapendi sebule ya Mbagala, nalijua hilo. Au wewe ukae Muheza wiki mbili tatu za mwanzo wa dawa. Sheria ya kazi inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka, ingawa nyinyi wa maduka ya watu mara nyingi hata mkataba hamna, na kuomba ni kujitia mashakani. Wewe ndiye unayemjua tajiri wako. Au wifi aliye karibu awe anapita jioni kuona kijiko kimenyweshwa, mtoto hajapewa na chai wala maziwa. Dawa ikinywewa ipasavyo na malaria ikikaa mbali, baada ya mwezi HB ingetakiwa ipande angalau gramu moja. Kipimo hicho cha mwezi kitakupa sababu ya kumhamisha au ya kumwacha iliyo bora kuliko hasira yako na ya mumeo.

Lile neno sasa. "Unataka kuniulia mtoto." Mama aliyelea saba alilisikia, akaingia ndani. Pengine ulikuwa na haki ya kuogopa. Lakini nilivyokusoma, sehemu ya hasira ile ulikuwa unajipa mwenyewe, kwa kumwachisha ziwa miezi tisa na kupanda basi. Ulikuwa unatafuta riziki ya mtoto huyo huyo, mwanangu. Ukiweza kuitenga hasira ya basi na hasira ya chupa, utajua ni ipi inayomhusu mkwe wako. Kama utaamua kwenda kumwangukia, usiende mikono mitupu. Doti ya kanga ingefaa, ila usome jina lake kabla hujalipa. Kariakoo wanakufungia yoyote, na kanga ya mafumbo siku hiyo itakufukuzisha.

Ukishapata majibu ya kituoni, niandikie namba ya HB iliyotoka. Na uniambie alisema nini ulipomuuliza safura.

Shangazi